Tunalipa ada mtoto akaimbe?

Barua ya msomaji inasema hivi:

"Shikamoo mwalimu. Naishi Uyole, Mbeya, nauza viazi mviringo. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 3 na nusu, wa kiume ana miezi 8. Wa kike anakwenda kituo cha kulelea watoto hapa jirani, na kila nikipita nawakuta wanaimba na kupiga makopo. Baba yao ni fundi seremala. Anasema haiwezekani tulipe ada mtoto akaimbe tu, anataka tumhamishie shule moja ambako wanaanza kuandika wakiwa na miaka 3. Mimi mwenyewe naona maneno yake bado machache nikimlinganisha na watoto wa majirani, kwa hiyo sijui nimtetee vipi. Huyu mdogo nikiwa na kazi namwekea nyimbo za watoto kwenye simu, anatulia kabisa. Naomba uniambie ukweli: kuimba kunamsaidia nini mtoto mdogo? Na kama kunasaidia, nifanyeje mimi ambaye sauti sina?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na baba yao, maana swali lake nimeulizwa kuliko swali jingine lolote katika miaka yote niliyofundisha walimu wa awali hapa Iringa. Mzazi anapita dirishani, anasikia makopo, anaikumbuka ada aliyoitolea jasho. Simlaumu hata kidogo. Ila katika maneno yake kuna neno moja nisiloweza kulikubali, nalo ni hilo "tu". Wanaimba tu. Hebu tusimame naye pale dirishani, tuutazame wimbo mmoja kwa dakika tano.

Mwalimu anaimbisha: "Nani ana kopo?" Watoto wanaitikia: "Mimi hapa!" kisha wanapiga makopo yao mara mbili, ko-ko. Mwalimu anaimbisha tena, wao wanaitikia tena. Mtazame mjukuu wangu huyo wakati mwalimu anaimba. Kijiti kiko juu, kopo liko mbele yake, na mwili mzima unamwambia apige. Hapigi. Anasubiri. Kwa mtoto wa miaka 3 hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba ndoo. Kuinua mkono na kuuzuia mpaka wakati wake ufike ndiko tutakakokuja kumdai akiwa darasa la kwanza: asubiri zamu, asimkatize mwenzake, amalize alichoanza kabla ya kurukia kingine. Pale kwenye kopo anajizoeza mara thelathini kwa asubuhi moja, na hakuna aliyemkaripia.

Halafu sikiliza wanavyopiga. Mara ya kwanza ni fujo, kila mmoja na lake. Mara ya tano makopo yanaanza kukutana. Hakuna aliyewaambia "pigeni pamoja". Kila mtoto amesikiliza mpigo wake na mpigo wa wenzake kwa wakati mmoja, akagundua kwamba amechelewa kidogo, akajirekebisha. Mwalimu akiongeza mwendo, nao wanaongeza. Akinyamaza ghafla, wananyamaza, na yule aliyepitiliza anacheka kwa sababu kopo lake limesikika peke yake. Usikivu, kumbukumbu, kujizuia, mikono miwili inayofanya kazi pamoja, na kumtazama mwenzako ili ujue anataka kufanya nini, vyote viko mle ndani. Niambie ni somo gani jingine linalomfanyisha mtoto wa umri huo mambo hayo yote ndani ya dakika tano.

Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha jaribio walilolifanya na watoto 96 wa miaka 4 huko Leipzig, Ujerumani. Huwa napenda kulisimulia kwa sababu limekwenda moja kwa moja kwenye jambo tunalozungumza. Watoto waliletwa wawili wawili, wakacheza mchezo wa kuwaamsha vyura waliolala bwawani. Mchezo ulikuwa ule ule kwa wote. Tofauti ni kwamba nusu yao waliucheza kwa kuimba na kupiga vyura wa mbao kwa mpigo mmoja, na nusu nyingine waliucheza kwa maneno na matembezi ya kawaida bila wimbo. Baadaye wakapewa shughuli nyingine, na katikati ya shughuli hiyo mtoto mmoja gololi zake zikamwagika. Ilikuwa imepangwa zimwagike. Waliokuwa wameimba pamoja waliacha ya kwao na kwenda kumsaidia mwenzao zaidi ya wale ambao hawakuimba. Walipopewa kazi inayoweza kufanywa na mtu peke yake au kwa ushirikiano, walioimba walielekea zaidi kushirikiana.

Miaka minne baadaye, Laura Cirelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walishuka hadi kwa watoto wa miezi 14. Mtoto alibebwa kifuani akiwa ameelekezwa kwa mtafiti, muziki ukapigwa, akarushwarushwa taratibu. Baadhi ya watoto walirushwa sawasawa na mtafiti aliyekuwa mbele yao, akipanda wanapanda, akishuka wanashuka. Wengine walirushwa kwa mwendo usiolingana na wake. Kisha mtafiti akawa anaanika vitambaa na kuangusha vibanio kana kwamba kwa bahati mbaya. Waliorushwa sawa na yeye walimwokotea zaidi. Mtoto ambaye hata neno "asante" hajalijua, mwili wake umekwisha kuamua kwamba huyu tuliyekwenda naye mpigo mmoja ni mwenzangu.

Nikisoma hayo huwa namkumbuka mama yangu kwenye kinu. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, mchi huu unashuka wakati ule unapanda, na mmoja akichelewa kidogo michi inagongana. Hawahesabu. Wanasikilizana. Mara nyingi kulikuwa na mtoto mgongoni, kafungwa kwa mbeleko, shavu limelala kwenye mgongo wa mama, na kila mchi uliposhuka ulimfikia mwilini. Sisi tuliona mama anafanya kazi na mtoto amelala. Kumbe mtoto alikuwa darasani.

Nalisema hilo kwa sababu ya jaribio jingine la Kanada, la mwaka 2005, la Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor. Watoto wa miezi 7 walisikilizishwa mdundo usio na mkazo wowote, huku wakirushwa mikononi: baadhi kila mpigo wa pili, wengine kila mpigo wa tatu. Baadaye walipowekewa midundo miwili yenye mkazo, waliochezeshwa kwa viwili walipenda kusikiliza mdundo wa viwili, waliochezeshwa kwa vitatu wakapenda wa vitatu. Mwili ndio ulioliambia sikio lisikie nini. Wakajaribiwa pia watoto waliokaa na kumtazama tu mtu mwingine akirukaruka. Kwa hao hilo halikutokea. Kutazama hakukutosha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye simu yako, mwanangu. Sikukaripii. Najua gunia la viazi haliwezi kusubiri mtoto alale. Na ni kweli wimbo wenyewe unamtuliza: huko Montreal, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto wachanga waliosikilizishwa sauti ya mtu akiimba, tena kwa lugha wasiyoijua, walikaa karibu dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika. Waliosikilizishwa maneno ya kuzungumza walivumilia kama dakika 4 hivi. Kwa hiyo mwanao anapotulia hakuna ajabu, wimbo umefanya kazi yake.

Ila kutulia ni jambo moja, na kukua ni jambo jingine. Simu inaimba, haiitikii. Mtoto wa miezi 8 akisema "aa-ba", simu inaendelea na yake. Akipiga mguu chini, haibadilishi mwendo. Akitabasamu, haimwoni. Wewe ungemjibu. Huko huko Kanada, David Gerry na wenzake waliwachukua watoto wa miezi 6 pamoja na wazazi wao, wakawagawa makundi mawili kwa miezi sita. Kundi moja walikutana kila wiki kuimba pamoja, kupiga ngoma ndogo na kujifunza nyimbo za kubembelezea. Kundi la pili nao walikutana, watoto wakachezea vitu huku muziki uliorekodiwa ukipigwa pembeni. Mwisho wake wale wa kundi la kwanza walikuwa na tabasamu zaidi, walitulizika kwa urahisi zaidi, na walitumia zaidi ishara za mikono kama kuonyesha kwa kidole na kupunga mkono wa kwaheri. Ishara hizo ndizo mlango wa maneno. Muziki ulikuwepo kote kote, mtu wa kuitikiana naye alikuwa upande mmoja.

Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, moja ya mambo matano iliyoyaweka mbele ni malezi yenye mwitikio. Walimu wangu huwa wanalikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani. Mimi huwaambia walitafute kwenye wimbo: kuna anayeimbisha, kuna anayeitikia, na kuna kiitikio ambacho hata asiyejua wimbo anaweza kukidaka. Mtoto akikuita ukamwitikia, akajua kwamba sauti yake inaleta jibu, atakuita tena kwa sauti ndefu zaidi. Hapa Iringa hata salamu tunaifanya hivyo, "kamwene" inajibiwa "kamwene", na mtoto aliyebebwa anaanza kuitikia kwa kichwa kabla hajajua anasalimia nani. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Ukibanwa sana, weka wimbo lakini geuza simu kifudifudi, na wewe ukiwa unachambua viazi uitikie kwa sauti ili akutafute kwa macho.

Sasa maneno machache ya binti yako. Hili nataka ulishike kwanza, kabla ya wimbo wowote: mpeleke akapimwe masikio. Mtoto wa miaka 3 na nusu tunategemea aunganishe maneno matatu au zaidi, na mtu baki amwelewe sehemu kubwa ya anachosema. Kama binti yako bado anasema neno moja moja, usisubiri. Huko kwenu Uyole baridi ya Juni na Julai unaijua, watoto wanapishana kwa mafua, na mafua yakirudi rudi yanaweza kuacha majimaji ndani ya sikio nyuma ya ngoma yake. Mtoto hana maumivu, hatoki usaha, ila anasikia kama aliyezamisha kichwa majini. Nyumbani unaweza kumtazama: je, ukimwita kwa nyuma bila yeye kukuona, anageuka? Anapoimba kituoni, anamwangalia mwalimu mdomoni muda wote au anaweza kuitikia hata akiwa amempa mgongo? Anza kwenye kituo cha afya, wao watakuelekeza kama kuna haja ya kufika Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya. Wimbo hautibu sikio.

Masikio yakiwa salama, basi makopo yale yale yatamsaidia kwenye maneno, na hapa baba yao anisikilize vizuri kwa sababu tumefika kwenye kusoma na kuandika anakokutaka. Kiswahili chetu kina bahati: karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo neno linakatika vizuri kwa makofi. Vi-a-zi, makofi matatu. U-yo-le, matatu. Se-re-ma-la, manne. Mtoto anayepiga makofi manne kwa "seremala" amekwisha kulipasua neno vipande vinne kwa sikio lake, bila kalamu. Kusoma kwetu kunaanzia hapo hapo. Anayefundishwa ba, be, bi, bo, bu huku hajasikia kwamba maneno yana vipande, atakariri ubao mzima na mwisho wa mwaka hawezi kusoma "baba" akikutana nalo mahali pengine. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na kila mara huniuma, kwa sababu mtoto anaitwa mzito wakati aliruka ngazi ambayo hakuna aliyemwonyesha.

Franziska Degé na Gudrun Schwarzer walilipima jambo hili Ujerumani, wakachapisha mwaka 2011. Watoto ambao bado hawajaanza shule walifanya mazoezi ya dakika 10 kwa siku kwa wiki 20. Kundi moja muziki, kundi la pili mazoezi maalumu ya sauti za maneno, kundi la tatu michezo ya viungo. Wale wa muziki walipanda katika kuzitambua sauti za maneno sambamba na waliofundishwa sauti zenyewe, wa michezo ya viungo hawakupanda hivyo. Dakika 10 kwa siku. Ni muda ambao kituo chenu kinautumia kabla ya uji.

Kwa mtoto mwenye maneno machache nina njia moja ninayoiamini sana. Chukua wimbo anaoujua vizuri, uimbe, halafu ukate kabla ya neno la mwisho. Nyamaza. Mtazame. Hesabu moyoni mpaka tano, na usimsaidie mapema, wengi wetu tunashindwa hapo. Mwanzoni ataguna, au atainua kichwa. Mwitikie kana kwamba amelisema neno zima, endelea. Siku moja atalitoa. Wimbo umemtengenezea nafasi ya neno moja tu, yeye alijaze, na kila mtu anajua linalotakiwa, kwa hiyo hana hofu ya kukosea. Na kama kuna bibi anayeimba kwa Kisafwa au Kinyakyusa, mwache aimbe kwa lugha yake. Mtoto hachanganyikiwi na lugha ya bibi.

Uliniomba ukweli, kwa hiyo nikupe na upande wa pili. Kuimba hakumfanyi mtoto kuwa na akili za ajabu. Kuna wanaouza muziki wa Mozart kwa wajawazito na watoto wachanga wakidai unakuza akili. Habari hiyo ilitokana na jaribio la mwaka 1993 lililofanywa Marekani kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walifanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kukunja na kukata karatasi, na faida hiyo ikaisha baada ya robo saa hivi. Hapakuwa na mtoto hata mmoja mle ndani. Mwaka 2013 Samuel Mehr na wenzake wa Harvard waliwapa watoto wa miaka 4 vipindi vya muziki kwa wiki chache, wakawapima hesabu, maneno na maumbo, na hawakuona faida ya kuaminika. Kwa hiyo akija mtu na kinanda cha kuchezea cha bei kubwa, akakuambia mwanao atakuwa wa kwanza darasani, hifadhi pesa yako.

Australia walifuatilia watoto 3,031. Wale ambao wakiwa na miaka 2 hadi 3 walifanya muziki na watu wa nyumbani mara kwa mara, walipofika miaka 4 hadi 5 walikuwa mbele kidogo katika maneno, namba, utulivu wa kufuatilia jambo na ushirikiano na wenzao, na hata ilipozingatiwa kama walisomewa vitabu, tofauti hiyo ndogo ilibaki kwenye namba, utulivu na ushirikiano, ingawa si kwenye maneno. Ni habari njema, ingawa mtu mwangalifu atasema huenda nyumba inayoimba na mtoto ina mambo mengine mema pia. Ni sawa. Mimi nayasoma matokeo hayo hivi: ile saa ya kuimba ni saa ambayo mtu mzima amemtazama mtoto usoni.

Na liko la chakula. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, Iringa ilikuwa na watoto wenye udumavu asilimia 57, Njombe karibu asilimia 50, wakati taifa zima ni asilimia 30. Hii ni mikoa yenye mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa uji mwepesi na dada yake mdogo. Nalitaja kwa sababu sitaki mtu asome majibu yangu akadhani makopo yatajaza pengo la yai na maharage. Mtoto mwenye njaa haitikii wimbo, amekaa tu.

Kuhusu kuhama, mimi nisingemhamisha. Hajafika hata umri wa darasa la awali, ambalo mtaala wetu umeliweka kwa mtoto wa miaka 5 na kutaka afundishwe kwa michezo. Mifupa midogo ya kiganja chake bado ni laini. Ukimlazimisha penseli sasa ataishika kwa ngumi, na ngumi hiyo atakuja kuhangaika kuifungua. Kijiti cha kupigia kopo kinamjengea mkono ule ule, bila machozi.

Lakini ingia kituoni, usiishie dirishani. Kuimba kuna namna mbili, na moja yake siitetei. Ukikuta spika inaimba na watoto wamekaa safu safu wanatazama, huo si muziki wa watoto. Ukikuta wanapiga kelele za kukariri, mwalimu ana fimbo mkononi, huo pia sio. Na ukikuta wiki nzima wanafanyishwa mazoezi ya kucheza nyimbo za wakubwa kwa ajili ya mahafali, huku spika zimewekwa usawa wa masikio yao, zungumza na mwalimu bila woga. Nimewahi kuhudhuria sherehe ya namna hiyo katika shule moja, nikaona mtoto wa miaka 4 ameziba masikio mbele ya spika na mtu mzima anamtoa mikono ili picha iwe nzuri. Niliondoka kabla ya keki. Kipimo rahisi ni hiki: kama inabidi upaze sauti ili mtu aliye karibu nawe kwa urefu wa mkono akusikie, sauti hiyo ni kubwa mno kwa mtoto.

Kituo kizuri utakitambua kwa mambo madogo. Wamekaa duara, wanaonana nyuso. Mwalimu anaimba kwa sauti yake, si ya juu. Kuna wakati mtoto anapewa nafasi ya kuimbisha na mwalimu anaitikia. Mtoto asiyetaka kuimba halazimishwi, ameachwa akae karibu na kopo lake, kwa sababu wengine husikiliza wiki tatu kituoni halafu unashangaa wimbo mzima unatokea nyumbani, jikoni, wakati wa kuoga.

Na wewe usiye na sauti. Mwanangu, ulikuwa na sauti kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa siku chache tu zilizopita ananyonya kwa namna itakayomletea sauti ya mama yake, akaiacha ya mwanamke mwingine. Aliisikia tumboni. Kwake yeye hakuna mwimbaji wa kwaya, wa Moraviani wala wa Katoliki, anayekuzidi. Wewe unasikia umekosea noti, yeye anasikia mama.

Huhitaji kutenga saa. Unapojaza debe la viazi asubuhi, hesabu kwa kuimba, binti atie kiazi kila ukitaja namba. Mnaponawa mikono, tungeni wenu: "Maji yako wapi?" "Yako huku!" "Sabuni iko wapi?" "Iko huku!" Mdogo mweke mgongoni wakati huo, aupate mpigo. Wakati wa kumwacha kituoni, kama analia, imba wimbo mmoja ule ule kila siku, mfupi, na ukiisha uondoke kweli, asijifunze kwamba wimbo unaweza kumdanganya. Manyanga ya chupa ya maji na mahindi ni mazuri, ila kifuniko ukiunganishe kwa moto au ukifunge kwa gundi na utepe. Punje na maharage yanapita kooni mwa mtoto wa miezi 8 kabla hujageuka, kwa hiyo yeye mpe kijiko na sufuria.

La mwisho ni la baba yao, na ningependa umsomee mwenyewe. Ana karakana, ana mbao na nyundo. Fundi mzuri unamjua kwa mpigo wake, hata ukiwa nje ya uzio. Jioni, akishakusanya zana, amkalishe binti yake kwenye benchi, kila mmoja apewe kipande cha mbao kisicho na vibanzi na kijiti. Baba apige mbili, ko-ko, anyamaze. Binti atapiga, labda nne, labda kumi. Asimsahihishe. Arudie kama alivyopiga yeye, kumi zile zile. Mtoto atamkodolea macho, kwa sababu ameongea na baba na baba amejibu. Kisha atapiga tena, safari hii polepole, asubiri aone baba atafanya nini.